Neno Nililoliruka Mbele ya Shemeji

Mimi si mtu wa haya. Yeyote wa upande wetu wa Kadutu atakuambia. Kwa miaka mingi nimekuwa relais, yaani mmoja wa watu wa mtaa ambao kituo cha afya huwatuma nyumba kwa nyumba kueleza habari za vyandarua, chanjo na uzazi wa mpango. Nilikuwa nikisimama katika ua wa watu nisiowajua, kuku wakipita kati ya miguu yangu, kijiti cha mbao mkono mmoja na kondomu mkono wa pili, nikionyesha inavyovaliwa mbele ya wanawake kumi na tano na wanaume wawili watatu waliojifanya wanatengeneza redio. Wanawake walicheka hadi machozi. Mimi sikucheka. Nilisema "kapoti", jina letu la kondomu, kama mwingine anavyosema "sabuni", na aliyenung'unika kwamba mama mzima, tena wa kukomunika kila Jumapili, anatamka maneno kama hayo nilimjibu papo hapo kwamba aibu haijawahi kumlea mtoto wa mtu.

Basi nataka kueleza jinsi mtu wa namna hiyo alivyomuua mdogo wake kwa haya. Kuua ni neno zito, najua, na watu wananikataza kulitumia. Wao hawakuwepo sebuleni kwangu siku ile.

Mimi na mdogo wangu tulizaliwa kisiwani Idjwi, wasichana wawili wa mama mmoja. Mimi nilivuka kwanza kuja mjini kuolewa, naye akanifuata baada ya miaka sita, akaolewa na kijana mpole aliyekuwa akinunua mafuta ya mawese Bunyakiri na kuyauza soko la Kadutu. Nyumba yao ilikuwa chini ya yetu, ngazi kama sitini hivi za udongo na mawe, na nikiwa jikoni kwangu nilisikia akiwaita watoto wake kuoga. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye kuimba anapopepeta mchele. Mimi nilikuwa mkali, yeye laini. Mama alikuwa akisema kwamba angetuchanganya kwenye sufuria moja angepata mabinti wawili wazuri.

Watoto wake watatu wote walitoka kwa kupasuliwa. Baada ya wa tatu daktari alikuja kitandani, akatukuta mimi na shemeji, akatuambia bila kuzungukazunguka. Alisema kizazi cha huyu mwanamke sasa ni kama kitambaa kilichoshonwa palepale mara tatu. Mkikivuta tena kitachanika. Shemeji alisikiliza kofia ikiwa mkononi. Kuna wanaume ambao ukiwaambia hivyo huanza kukuuliza dini yako. Yeye aliuliza tu, "Sasa tufanye namna gani, docteur?" Daktari akamwambia habari ya sindano, ile ya kila miezi mitatu, na kuanzia hapo shemeji mwenyewe ndiye aliyemkumbusha mkewe tarehe zake. Akiwa Bunyakiri alipiga simu. Miaka miwili ilikwenda hivyo, salama kabisa.

Kisha ikaja corona. Kwanza ilikuwa habari ya redioni, ugonjwa wa watu wanaopanda ndege. Halafu mpaka wa Rwanda ukafungwa, makanisa yakafungwa, shule zikafungwa, safari za Bunyakiri zikasimama, na mbele ya kila duka ikawekwa ndoo yenye bomba dogo. Barakoa tulizivaa kidevuni, tukizipandisha tukiona polisi. Lakini uongo ndio ulioenea kuliko ugonjwa. Watu walisema ukikohoa hospitalini unachukuliwa usirudi tena. Wengine walisema sindano zote siku hizi ni za kutujaribia chanjo. Wanawake waliowahi kukimbia risasi na mtoto mgongoni waliogopa benchi la kituo cha afya. Nilipita nikigonga milango, nikasikia watu wakinyamazishana ndani hadi niondoke.

Na waliojikaza wakaenda walikuta hakuna kitu. Muuguzi mkuu alinionyesha kabati mwenyewe. Katoni za sindano za uzazi wa mpango hazikuwa zimefika, na hakuna aliyejua zitafika lini. Kulikuwa na barakoa, ndoo, na mabango yenye picha ya mikono.

Mdogo wangu alikuja alasiri moja, akasimama mlangoni. Hakuingia, kwa sababu mimi nilikuwa nimejiwekea sheria kwamba mtu wa nje haingii, na nilikuwa nimeikaza hata kwake.

"Yaya," akasema, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "sindano haiko. Banasema nirudie kiisha mwezi. Nilirudia, banasema tena haiko."

"Ngojea. Itafika."

"Kule ku hospitali ya chini banasema iko. Nilikuwa nataka twende pamoja."

Hospitali aliyoisema ndiyo iliyokuwa ikipokea wagonjwa wa corona. Majuma machache kabla ya hapo jirani yetu fundi cherehani alikuwa amepelekwa huko na kikohozi chake, akazikwa na watu waliovaa nguo nyeupe hadi machoni, na watoto wake hawakuona hata kidole chake. Picha ile ilikuwa haijanitoka. Nikasema, "Hapana. Kule hatuendi. Utaenda kutafuta sindano, utarudi na corona." Mimi. Niliyekuwa nikizunguka mtaa mzima nikiwaambia watu wasiogope hospitali.

Alitazama chini. Alichorachora vumbi kwa kidole cha mguu, kama alivyokuwa akifanya utotoni akitaka kuomba kitu. "Ni ju ya bwana yangu, eko ku nyumba sasa," akasema. "Kila siku."

Hakuweza kusema zaidi ya hapo, na mimi sikuweza kusikia zaidi. Lazima nieleze jambo hili, maana kwa asiye wa kwetu litaonekana upuuzi. Mambo ya chumbani kwetu ni kazi ya shangazi, dada yake baba. Yeye ndiye aliyetuweka chini, mimi kisha mdogo wangu, kabla ya harusi zetu, akafunga mlango na kutuambia yote, na alikuwa na mdomo usio na kizuizi. Dada na dada hawasemi hayo. Mkubwa ni kama mama, na mama hamuulizi bintiye habari za kitanda. Tena mume wa mdogo wako unamheshimu kama mkwe. Unampa kiti kizuri, unamwandalia chakula, unamuuliza habari za safari, na kila kilicho chini ya mkanda hakipo duniani.

Shangazi alikuwa Idjwi, na siku zile boti hazikuvuka kama zamani. Kwa simu haikuwezekana. Shangazi huongea na simu kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya kilima, na kisiwa kizima kingesikia.

Basi nikamwambia mdogo wangu asiwe na wasiwasi, mimi nina dawa. Nilikuwa na kolie. Ni mkufu wa shanga wa kuhesabia siku za mwanamke, nyekundu moja ya siku ya kwanza ya damu, kahawia za siku zisizo na hatari, na nyeupe kumi na mbili za siku za kujizuia. Kuna pete ndogo ya mpira unayoisogeza kila asubuhi shanga moja mbele. Haina dawa, haina hospitali, na mapadri wanaipenda. Nilikuwa nimefundishwa kuigawa na nilijiona bingwa. Wakati dunia nzima imefunga milango, mimi peke yangu nilikuwa na kitu mkononi cha kumpa mtu. Siwezi kuficha kwamba nilifurahi.

Walikuja Jumapili iliyofuata, wote wawili, saa ambayo zamani tungekuwa tunatoka misa. Sheria yangu ya mlango niliisahau. Shemeji alinawa mikono kwenye ndoo, akakaa kwenye kochi ncha ya kwanza, mdogo wangu ncha ya pili, na mimi kwenye kiti mbele yao na karatasi yangu magotini. Nikaeleza. Hata neno damu nililizunguka, nikasema "ile siku ya kwanza". Shemeji aliuchukua mkufu, akauhesabu kwa vidole vyake vinene vyenye alama za mafuta, akauliza maswali mazuri kuliko ya wanawake wengi.

"Na kama asubui moja nimesahau kusogeza?"

"Uweke alama ku kalendari pia. Ile siku ya kwanza uandike, na kila siku ufute moja. Ukisahau huku utaona kule."

"Basi mi njo nitaisogeza," akasema, akijigusa kifua. "Yeye iko na batoto asubui. Mi nitakuwa naifanya mbele ya kusali."

Mdogo wangu alicheka kidogo, akafunika mdomo. Nilimwona amefarijika, na mimi nilifarijika kwa kumwona.

Sasa, karatasi. Karatasi ile ina maswali ambayo lazima uyaulize kabla ya kumpa mtu kolie. Mojawapo linauliza kama mwanamke alikuwa akichomwa sindano siku za karibuni. Kama ndiyo, hapewi kwanza. Sindano huvuruga siku, na shanga hazimjui mtu ambaye siku zake zimevurugika. Anatakiwa angojee hadi damu yake irudi kwa mpango, mwezi baada ya mwezi, na katika muda huo wa kungoja yeye na mumewe watumie kondomu kila mara, bila kuruka hata mara moja. Nililijua hilo kwa moyo. Nilikuwa nimewanyima kolie wanawake wawili kwa sababu hiyohiyo, na mmoja alinitukana hadi barabarani.

Nilimtazama mdogo wangu nikauliza, "Imesharudia?"

Akaitikia kwa kichwa. Haikuwa uongo. Ilikuwa imerudi, mara moja. Nilitakiwa kuuliza imerudi mara ngapi, na baada ya siku ngapi. Kisha nilitakiwa kuinuka, nifungue kabati lililokuwa hatua mbili nyuma yangu, nitoe boksi la kondomu ambazo nilikuwa nimezigawa kwa nusu ya Kadutu, na niseme mbele ya mume wa mdogo wangu neno lile nililolisema kila siku mbele ya watu baki.

Nilifungua mdomo. Shemeji alikuwa akinitazama kwa heshima yake yote, mkufu mkononi. Mdogo wangu alikuwa akitazama meza. Niliona jinsi tutakavyokuwa sote watatu nikishalisema, na jinsi nitakavyomwandalia tena chakula Noeli. Nikaikunja karatasi mara mbili.

"Basi," nikasema, "ni hayo tu."

Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na mimi nimewasomea wengine methali hiyo mara nyingi nikiwahimiza waulize maswali. Kuna relais mwingine, mwanaume, katika mtaa wa jirani. Ningeweza kuwatuma kwake wakamaliza kwa nusu saa. Nilimfikiria, na hata hilo sitalikana. Lakini nani atamfundisha mdogo wangu isipokuwa mimi?

Miezi miwili mitatu ilipita. Nilimsikia bado akiwaita watoto kuoga. Wakati mwingine alinipigia kelele kutoka chini kwamba mtoto wake wa pili anautaka mkufu wa baba auvae, nikajibu apigwe. Tulicheka kutoka nyumba hadi nyumba. Siku hizo ndizo zinazonirudia sana, kwa sababu zilikuwa siku nzuri na nilizifurahia.

Aliponijia tena aliingia ndani bila kuulizwa, akakaa. Uso ulikuwa wa majivu. Nilijua kabla hajafungua mdomo, kwa jinsi alivyogeuza kichwa aliposikia harufu ya samaki wadogo niliokuwa nakaanga.

"Yaya, tulihesabu bien," akasema. "Naapa. Tulihesabu bien, muzuri kabisa."

Na hapa ndipo hasira yangu ilipofanya kazi mbaya kuliko haya yangu. Moyoni, kabla hajamaliza, nilijua kosa liko wapi. Na kwa sababu nililijua, nilipandisha sauti.

"Mulihesabu bien halafu mimba ikatoka wapi? Bwana yako alisahau siku. Ni mwanaume, anasahau hata viatu vyake! Alisahau, akaogopa kukuambia."

Hakubisha. Hakuwa na tabia ya kunibishia. Alikaa na mikono magotini kisha akasema polepole, "Pengine." Akarudi nyumbani na neno langu.

Alikwenda kupimisha mimba, nikimsindikiza, barakoa mbili mbili. Daktari alikunja uso akasema maji yamekwisha kumwagika, yaani mimba imeshaingia, sasa ni kuyaangalia yasifike mbali, na akampa tarehe ya kupasuliwa kabla uchungu haujaanza. Tarehe hiyo shemeji aliiandika ukutani kwa mkaa ili asiipoteze. Mimi nilianza novena, sala za siku tisa tisa. Nilimpelekea maziwa, nikamfulia, nikawabeba watoto. Nilikuwa mwema sana miezi ile, wema wa mtu mwenye deni asiyetaka kulitaja. Mdogo wangu akanishukuru kila mara.

Uchungu ulianza majuma mawili kabla ya tarehe ile, asubuhi, mvua ikinyesha. Upande wetu mvua ikinyesha ngazi zinageuka utelezi, pikipiki hazipandi. Wanaume wanne wa jirani walimkalisha kwenye kiti cha mbao, wakakiinua, wakaanza kushuka naye hatua kwa hatua, shemeji akishika mguu wa mbele wa kiti. Mimi nilikuwa pembeni na mwavuli ambao haukufunika mtu yeyote. Njiani alinishika mkono akasema, "Yaya, niliacha uji ku moto. Batoto banywe." Nikamwambia nimeshautoa. Sikuwa nimeutoa.

Barabarani tulipata taxi. Kwenye lango la hospitali walidai barakoa, na yake ilikuwa imebaki nyumbani, nikaivua yangu nikamvalisha. Ilikuwa imelowa. Alipumua kwa shida ndani yake. Wakamchukua, mlango ukafungwa, na mimi kwa kuwa sina barakoa nikasukumwa nje hadi uani.

Mtoto alitoka hai, msichana. Mama yake hakuamka. Daktari alikuja akatuambia kizazi kilikuwa kimechanika kabla hatujafika. Hakumlaumu mtu. Aliweka mkono begani kwa shemeji, akauondoa haraka akikumbuka kwamba siku zile watu hawakugusana.

Tulimzika kesho yake, watu wachache, kama amri ilivyotaka. Shangazi alifika kutoka Idjwi siku mbili baada ya maziko, miguu imevimba, akalia mlangoni hadi sauti ikamwishia. Jioni alinivuta kando akaniuliza ni nani aliyewaambia mambo ya chumbani wakati yeye hayupo.

"Ni mimi."

"Ulisema yote?"

"Yote," nikasema.

Akaniamini. Kwa nini asiniamini? Mji mzima ulijua mdomo wangu.

Kabla ya watu kutawanyika kwenye kilio, shemeji alisimama. Nilidhani atashukuru waliokuja, kama ilivyo desturi. Alisema, "Ni mi njo nilimuua. Nilisahau siku moja. Sijue siku gani, lakini nilisahau." Wazee walimkalisha, wakamwambia majonzi yanamsemesha. Hawakuelewa neno. Mimi nililielewa lote, maana ni langu, nililitengeneza jikoni kwangu na samaki wakiungua. Nilitazama miguu yangu.

Nilinyamaza miaka mitatu. Yule mchanga nilimchukua mimi, wenzake wakabaki na baba yao. Sindano zilirudi, makanisa yakafunguka, barakoa tukazifanya vitambaa vya kufutia taa. Shemeji hakuoa. Bunyakiri aliacha kwenda, akawa anauza mafuta ya wengine. Kila Jumapili baada ya misa alikuja kumwona binti yake, akamletea ndizi au biskuti, na baada ya kumpakata kidogo alitoa mfukoni kalenda ya parokia ya mwaka ule, imekunjwa hadi karatasi imekatika kwenye mikunjo, imebandikwa kwa plasta.

"Yaya, angalia hapa. Mwezi wa nane. Ile juma batoto baligonjwa malaria wote. Pengine asubui ile nilifuta huku, kule sikusogeza?"

"Acha hayo, shemeji. Mungu njo anajua."

Nilimtumia Mungu kama kabati, nikamsukumia kila kitu, nikafunga. Na juma lililofuata alirudi na mwezi mwingine. Alikonda. Alianza kusahau kweli, alipitiwa na jina la mtoto, na kila alichosahau kilimthibitishia kwamba ndiye mtu wa kusahau.

Kilichonivunja ni kitu kidogo. Kituo kiliniomba nifundishe relais wapya, vijana. Msichana mmoja, hata mume hana, alisoma lile swali la sindano akauliza kwa nini ni lazima, kwa kuwa mtu akija anataka kolie si tumpe tu. Nikaanza kumjibu. Nikafika katikati. Mbele ya vijana wote nikakaa chini sakafuni, na hawakujua wafanye nini na mimi.

Jumapili ile shemeji alipokuja nilimtuma mtoto nje kucheza. Alikuwa hajatoa kalenda. Nilibaki nimesimama, kwa sababu niliogopa kwamba nikikaa sitasema, nikamwambia yote kwa mfuatano. Karatasi. Swali. Damu iliyorudi mara moja tu. Kwamba mkufu ule hawakutakiwa kupewa. Nikasema, "Ilifaa niwape kapoti, zilikuwa mu kabati. Kapoti, shemeji. Nilipata haya ju yako." Nililisema mara mbili ili nisiweze kulirudisha.

Shemeji akaniomba nirudie sehemu ya sindano. Nikarudia.

"Kumbe sikukoseaka?" akauliza. "Hata siku moja?"

"Hata moja. Ulihesabu bien. Mulihesabu bien wote wawili."

Aliinamisha kichwa akaweka mikono usoni. Nilikuwa nimejiandaa apige, atukane, amchukue mtoto wake aende. Alilia kama mtu aliyetuliwa mzigo, na katikati ya kilio alisema, "Asanti, yaya. Asanti." Sijawahi kupigwa kibao kilichoniuma kuliko asante ile.

Aliponyamaza alijifuta kwa mkono wa shati. Nikaona jambo jipya linamjia usoni.

"Na yeye?" akauliza. "Yeye alijuaka?"

"Hapana," nikasema. "Mi njo nilimuambia ni wewe ulisahau. Siku aliniambia juu ya mimba."

Alitikisa kichwa polepole, bila hasira, akiutazama mlango ambako sauti ya mtoto ilikuwa ikija.

"Ile asubui, kabla bamukalishe ku kiti," akasema, "alinishika shingo. Akaniambia, bwana yangu, ile siku ulisahau, nilikusamehea zamani. Usiibebe."

Akanigeukia.

"Basi ile musamaha ilikuwa yako, yaya."